Maswali ya wasomaji: chokaa inagandisha kaboni ya filta yangu, nifanyeje?

Wasomaji wetu wa Kusini, Mtwara kuchele! Toleo lililopita tuligusa kidogo tu habari ya kaboni kwenye filta za maji, ule mkaa mweusi wa punje punje unaoondoa harufu, rangi na ladha ya dawa, na tangu hapo meseji zimemiminika. Karibu zote zinalia na kitu kimoja: kaboni inaganda. Wengine inageuka nyeupe, wengine kahawia, wengine maji hayapiti kabisa. Nimechukua chache ambazo zikijibiwa na wengine watapata jibu lao humo humo, na la kwanza ntalijibu kwa urefu maana ndo mzizi wa yote.

"Habari fundi. Nina gesti hapa Mikindani, natumia kisima kirefu nilichochimba mwenyewe kwa sababu maji ya bomba hayatoki kila siku. Aliyenifungia mitambo aliweka mitungi mitatu, wa kwanza mchanga, wa pili kaboni, wa tatu ule wa kulainisha maji unaotiwa chumvi. Mwanzo ilikua safi sana. Sasa presha imekufa, nimefungua mtungi wa kaboni nimekuta imeshikana mabonge na juu kuna weupe weupe. Naambiwa ninunue kaboni nyingine tu. Nikinunua si itakua yale yale? Na hii ya zamani haioshwi?"
*Mwenye gesti, Mikindani*

Kaka, itakua yale yale, na mapema kuliko ya kwanza, kama hujabadilisha mpangilio wa hiyo mitungi. Usitoe hela kwanza, soma mpaka mwisho.

Huo weupe ni chokaa. Pwani yetu hii, kuanzia Mtwara kupita Lindi mpaka Kilwa, sehemu kubwa imekaa juu ya matumbawe ya kale na mawe ya chokaa, ni jiwe lile lile lililojengea kuta za Kilwa Kisiwani, ndo lile watu wanachoma tanuruni wapate chokaa ya kupaka, na ndo linalochimbwa pale Msijute kwa ajili ya simenti ya Dangote tangu 2015. Mvua ikinyesha maji yanashuka chini yakipita kwenye udongo, yanabeba hewa ya kaboni dayoksaidi ya humo ardhini, yanakua na uchachu kidogo, na uchachu huo unakula jiwe. Kwa hiyo maji ya kisima chako yamebeba kalsiamu nyingi iliyoyeyuka, macho hayaioni, ila sabuni inaijua maana haitoi povu.

Yakiwa huko chini yametulia. Pampu ikiyavuta juu ile hewa inatoka, ni kama soda ukishafungua kizibo, na hewa ikishatoka maji hayana tena nguvu ya kubeba kalsiamu yote ile, inabidi iangukie mahali. Joto nalo linasukuma huko huko, simtanki jeusi juu ya paa la bati mwezi wa kumi na moja, maji yanakua vuguvugu mchana kutwa, chokaa inazidi kujitenga. Ndo maana birika la chai linaota ukoko mweupe hata kama maji yanaonekana safi kama kioo.

Sasa kwa nini iangukie kwenye kaboni na si kwingine? Kuna sababu mbili na zote ni nzito. Kwanza kaboni nzuri ina vitundu vingi mno, gramu moja tu ukiweza kuutandaza uso wake wote wa ndani unafika kama mita za mraba 1000, na chokaa inapenda kupata mahali pa kushika. Pili, na hili wauzaji wengi hawalisemi, kaboni mpya ikianza kupitisha maji huwa inapandisha pH ya hayo maji (kipimo cha uchachu: ikishuka maji ni machachu, ikipanda yana ualkali, yaani kinyume cha uchachu). Majivu yaliyobaki ndani yake na uso wake wenyewe vinafanya maji yawe na ualkali zaidi, pH inaweza kupita 9 kwa muda mpaka kaboni izoee. Maji ya kawaida hayana shida na hilo, yanapita yanamwagwa basi. Ila maji yaliyojaa kalsiamu pH ikipanda ghafla namna hiyo chokaa inaanguka hapo hapo, juu ya punje, mdomoni mwa kile kitundu. Kwa hiyo ile wiki ya kwanza ambayo wewe unafurahi maji matamu ndo wiki ambayo kaboni inaanza kuzibwa.

Tuje kwenye mitungi yako. Mpangilio wa kaboni kwanza alafu softena (ule mtungi wa kulainisha maji) ni sahihi kabisa kwa maji ya bomba yenye klorini, kwa sababu klorini inaharibu zile punje za ndani ya softena, kaboni inatangulia kuzilinda. Nadhani aliyekufungia amezoea kazi za namna hiyo. Wewe kisima chako hakina klorini. Kwako softena itangulie, itoe kalsiamu na magnesiamu, alafu ndo maji laini yaende kwenye kaboni. Ukifanya hivo tu, tatizo lako kubwa limekwisha. Kubadilisha mabomba ni kazi ya siku moja ya fundi na gharama yake haifiki hata karibu na kununua kaboni kila baada ya miezi michache.

Ila kuna sharti. Kama maji yako yana chuma (yanageuka rangi ya kutu yakikaa kwenye ndoo), chuma nacho kinaharibu softena, kwa hiyo lazima kitolewe kabla. Hapo panahitaji simtanki la kutulizia maji. Bomba la kutoka kisimani liishie juu ya tanki, mwisho wake ufunge kichwa cha shawa au kipande cha bomba lililotobolewa matundu madogo madogo, maji yanyeshe kabla ya kuingia. Hewa mbaya inatoka, chuma kinakutana na oksijeni kinakua kutu, na sehemu ya chokaa nayo inajitenga. Acha yalale usiku kucha. Bomba la kutolea liwe juu ya kitako cha tanki kama sentimita 20 hivi, na chini kabisa uweke koki ya kutolea tope, ufungue mara kwa mara. Usiruke mchanga hapo: maji yaliyotoka kupigwa hewa yanakua yamejaa chokaa inayotafuta pa kushika, haijaanguka yote, ukiyapeleka moja kwa moja kwenye kaboni utakua umeongeza tatizo. Yapite kwanza kwenye mchanga, chokaa ishike humo. Mchanga unaoshwa, ukishindikana unamwagwa unaweka mwingine. Kaboni ni ghali.

Kwa hiyo kwako, kama chuma kipo, ni tanki la kutulizia, mchanga, softena, kaboni. Kwa mtu mwenye kisima kisicho na chuma, mchanga, softena, kaboni.

Habari ya chumvi ya softena: najua hapa kwetu chumvi ya mashambani ipo na ni rahisi, Lindi na Kilwa mashamba ya chumvi hayakosi, lakini ile mbichi ya kuvuna ina tope na ina magnesiamu na kalsiamu yake yenyewe, yaani unamtibu mgonjwa kwa kumpa ugonjwa ule ule. Tafuta iliyosafishwa. Na kama kuna mtu anayakunywa hayo maji na ana presha ya kupanda, ajue softena inabadilisha kalsiamu kwa sodiamu: kila miligramu 100 za ugumu (yaani kalsiamu na magnesiamu, zikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti) zinazotolewa kwenye lita moja zinaacha kama miligramu 46 za sodiamu. Maji ya kuoga na kufulia yapite softena, ya kunywa ni bora uyatolee njia yake.

Umeuliza kuhusu kuosha. Kuna kuosha kwa aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kugeuza maji yapande kutoka chini, mafundi wanaita bakwoshi. Hii haiyeyushi chokaa, ila inazitenganisha punje kabla hazijashikana, inatoa tope na vumbi la kaboni. Ili ifanye kazi mtungi usijazwe mpaka shingoni, acha nafasi juu kama theluthi mpaka nusu ya kimo cha kaboni ili ipate kuinuka na kuchezacheza. Mitungi mingi ninayofunguliwa naikuta imejazwa pomoni, mtu akidhani amepewa nyingi kumbe ameuziwa mtungi usiooshwa. Fanya bakwoshi kila wiki kwa maji ya kisima, usisubiri presha ishuke.

Ya pili ni kuosha kwa asidi. Viwandani na migodini kaboni yenye chokaa inaoshwa kwa asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na maji mpaka ikabaki kama asilimia 3, chokaa inayeyuka inatoa mapovu, kaboni inasuuzwa inarudi kazini. Kwa gesti yako sikushauri, nasema wazi. Ya kwako imeshashikana mabonge, ukiyavunja punje zinasagika zinakua unga unaoziba kila kitu. Asidi inayouzwa madukani kwa ajili ya kusafishia vyoo si safi, ina vyuma vingine humo, huiweki kwenye kitu kinachopitisha maji ya kunywa. Na hata ukifanikiwa asidi inatoa chokaa tu, ile harufu na uchafu mwingine ambao kaboni imeshaumeza inabaki nao. Mwaga hiyo, badilisha mpangilio, weka mpya.

Na hiyo mpya uinunue kwa maswali. Uliza imetengenezwa na nini, ya kifuu cha nazi kwa kawaida majivu yake ni machache kuliko ya makaa ya mawe na punje zake ni ngumu. Uliza kama imeoshwa kwa asidi kiwandani, hiyo ndo haipandishi sana pH mwanzoni. Uliza namba ya ayodini, yaani kipimo cha uwezo wa kaboni kumeza uchafu, 900 kwenda juu ni nzuri. Ukifika nayo nyumbani iloweke usiku mzima hewa itoke, alafu isuuze, na kama una maji ya mvua isuuze na hayo, kwa sababu maji ya mvua hayana kalsiamu, unaondoa majivu na sehemu ya ule ualkali wa mwanzo bila chokaa kuganda juu yake. Maji ya kwanza kwanza yamwage.

Kabla ya yote hayo pima. Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ipo Mtwara mjini, peleka chupa yako na useme unataka ugumu, ualkali, pH, chuma, manganizi na jumla ya chumvi. Ugumu ukiwa chini ya miligramu 60 kwa lita maji ni laini, huna haja na softena kabisa. Kuanzia 121 mpaka 180 ni magumu, kupita 180 ni magumu sana. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha ugumu kwa sababu ya afya maana hauui mtu, lakini wanasema ukipita kama 200 chokaa inaweza kuganda kwenye mabomba na matanki, ikitegemea pH na ualkali. Ndo maana nakuambia upime vyote pamoja, ugumu peke yake hausemi yote. Mhandisi mmoja wa Marekani, Langelier, alionesha mwaka 1936 namna ya kuvikokotoa pamoja upate kujua maji yataacha chokaa au yatakula bomba, na mpaka leo hesabu yake inatumika.

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nipo Newala. Huku kwetu uwandani unajua maji yalivyo, tumejenga tanki la simenti chini ya ardhi tunavuna ya mvua kwenye bati. Nimeweka filta ya jikoni ile yenye katriji ya kaboni, imeziba na nikiipasua naona weupe. Nimesoma maji ya mvua hayana chokaa, sasa hii imetoka wapi?"
*Mwalimu, Newala*

Marahaba mwalimu. Umesoma sawa, mvua haina chokaa. Imetoka kwenye tanki lako.

Simenti ikishakauka bado ina chokaa huru ndani yake, na maji ya mvua kwa vile ni laini na yana uchachu kidogo yanaitafuna vizuri sana kuliko maji ya kisima. Tanki jipya, maji yake pH inaweza kufika 11 au hata zaidi. Chota kwenye bakuli uyaache juu ya meza mpaka kesho yake, utaona utando mwembamba juu, ukiugusa na kidole unakatika vipande vipande. Hiyo ni chokaa imekutana na hewa. Kitu hicho hicho kinatokea ndani ya katriji.

Dawa yake ni subira na maji, najua huko uwandani maji ya kumwaga hayapo ndo maana nasema ufanye kipindi hiki cha masika. Jaza tanki, liache siku kadhaa, yatumie hayo maji kwa kufyatulia tofali au kumwagilia zege, yasinywewe, alafu jaza tena. Rudia mpaka pH ishuke chini ya 9, vile vikaratasi vya kupimia pH vinatosha. Wakati huo wote katriji ya kaboni iwe imetolewa, usiiweke iteketee bure. Na yale maji ya mvua ya mwanzo yanayosafisha bati yasiingie tankini, vumbi la kiangazi kizima na majani ya mikorosho vyote viko humo.

Tanki la zamani halina shida hii, chokaa yake ya juu imeshaisha. Kama jirani yako analo la miaka mingi na filta yake haigandi, sababu ndo hiyo.

"Fundi niaje. Nipo Ruangwa, kuna jamaa wa machimboni anauza kaboni iliyotumika kwenye plant za dhahabu, bei ya kutupa, anasema ikioshwa na siki inarudi mpya na inafaa kwenye filta ya maji. Ni kweli?"
*Kijana, Ruangwa*

Mdogo wangu, usiiguse. Nakuomba sana, na wenzako uwaambie.

Kaboni ya dhahabu imekaa kwenye maji ya sianidi, kazi yake ilikua kumeza dhahabu iliyoyeyushwa na hiyo sumu. Na mchanga unaopelekwa kwenye hizo plant mara nyingi ni marudio ya wachimbaji wadogo, umeshapitishwa zebaki. Kaboni inameza vyote hivyo. Kweli nayo inaganda chokaa, tena nyingi, kwa sababu pale plant wanatia chokaa makusudi ili pH ikae juu, kama 10 na nusu, pH ikishuka sianidi inageuka gesi na hiyo gesi inaua mtu akiwa amesimama.

Sasa fikiria huyo anayekuambia uimwagie siki. Siki ni asidi. Kama bado kuna sianidi kwenye hizo punje na wewe unamwaga asidi chumbani kwako, unatengeneza gesi ile ile. Migodi mikubwa inaiosha kaboni yao kwa asidi ndiyo, lakini wanaisuuza kwanza, wana vifaa na watu waliofundishwa, na wakimaliza inarudi kwenye dhahabu, haiendi jikoni kwa mtu. Hakuna kuosha kwa nyumbani kunakoifanya ifae kwa maji ya kunywa.

"Habari za kazi. Mimi nauza chakula Lindi mjini, nina filta ya ndoo mbili ambayo ndani nimeweka kaboni ya kununua. Mambo mawili. Moja, yangu haiwi nyeupe, inakua kahawia na inateleza. Mbili, watu wananiambia nikiichemsha na kuianika juani inapata nguvu tena, na wengine wanasema nisihangaike niweke mkaa wa kupikia wa vifuu, nazi si zipo. Nifuate lipi?"
*Mama lishe, Lindi*

Mama, kwanza tuijue hiyo kahawia ni nini. Chukua kijiko cha kaboni yako, kiloweke kwenye kikombe cha maji masafi mpaka isitoe tena vipovu, hapa watu wengi wanakosea kwa sababu kaboni kavu ikiguswa na maji inatoa hewa yenyewe, wanadhani ni chokaa. Ikishatulia kabisa, mwaga maji, tia siki. Ikichemka vipovu vizuri hiyo ina chokaa. Isipochemka na ule uchafu ukiupaka kwenye karatasi nyeupe unaacha alama ya kutu, hicho ni chuma. Na huko kuteleza ni vijidudu vimejenga makazi yao humo, kaboni imeondoa klorini na imekusanya chakula, wamekaa raha mustarehe. Unaweza kuwa navyo viwili kwa pamoja na maelezo yako yanaonesha hivo.

Chuma kikipita miligramu 0.3 kwa lita kinachafua nguo na vyombo, na kaboni si kazi yake kukitoa. Fanya kama nilivyomwambia wa Mikindani ila kwa kiwango chako: maji yamimine kutoka ndoo hadi ndoo mara kadhaa yapate hewa, yaache yalale, asubuhi teka ya juu taratibu uyapitishe kwenye mchanga uliooshwa au kitambaa kizito kilichokunjwa, ndo yaende kwenye kaboni. Hiyo kaboni yenye utelezi itupe, na ndoo uisugue vizuri kabla ya kuweka nyingine.

Kuchemsha hakurudishi nguvu. Kaboni inatengenezwa kwa mvuke na moto wa nyuzi 800 kwenda juu, viwandani ndo wanaweza kuihuisha tena, sufuria lako linaishia 100. Tena ukiichemsha kwenye maji magumu chokaa inaanguka juu yake wakati inachemka, unaitoa ikiwa mbaya zaidi. Kuianika nayo ni hivo hivo, maji yaliyobaki ndani ya vitundu yanakauka na madini yake yanabaki humo humo. Ndo maana hata filta isiyotumika kwa wiki kadhaa nashauri isiachwe ikauke nusu nusu, ama itoe uitupe kama imechoka, ama iendelee kupitisha maji. Siki nayo, kwa kaboni, siipendi kwa kuoshea: kaboni inaimeza siki yenyewe, nafasi inaisha na vijidudu vinapata chakula. Tone la kupimia kama nilivyosema, sawa, alafu kile kijiko unakimwaga.

Mkaa wa vifuu wa jikoni ni malighafi nzuri, kweli kaboni bora inatoka kwenye kifuu, lakini bila ule mvuke wa moto mkali vitundu vyake havijafunguka. Utapunguza harufu kidogo sana, na majivu yake yanapandisha pH, kama maji yako ni magumu utaona weupe haraka kuliko kwa kaboni ya dukani. Nazi zako pikia wali mama.

"Kuna watu wanapita na sumaku za kufunga kwenye bomba, wanadai chokaa haigandi tena popote. Vipi?"
*Msomaji, Mtwara mjini*

Majaribio ya sumaku yamefanyika kwa miaka mingi na majibu yake yanapingana, pengine inasaidia pengine haifanyi kitu. Kalsiamu haitoki kwenye maji, hilo halina ubishi, ukipima kabla na baada ugumu ni ule ule. Kwa hela yako mimi ningenunua mchanga na koki ya tope. Kama mtambo wako ni ule wa RO wa kuuzia maji, unaosukuma maji kwa presha kupita kwenye membreni (utando mwembamba unaozuia chumvi), kuna dawa za fosfeti zinazotiwa kwa matone kuzuia chokaa isishike kwenye hiyo membreni, hizo zinafanya kazi kweli, ila zitiwe baada ya kaboni, ukitia kabla kaboni inaweza kuimeza sehemu ya dawa.

"Kisima chetu kipo karibu na bahari Kilwa Masoko, maji yana chumvi kidogo. Kaboni kubwa zaidi itaitoa?"
*Msomaji, Kilwa*

Hapana. Si kaboni wala softena inayotoa chumvi, ni RO au kuyageuza mvuke. Na kama chumvi inaongezeka mwaka hadi mwaka, punguzeni kuvuta, bahari inasogea ndani ya ardhi. Ofisi ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ipo Mtwara, ndo wenye vibali vya visima, waulizeni kabla hamjachimba kingine jirani.

"Nimeshatatua chokaa kwa kuweka mchanga na softena, kaboni yangu inapitisha vizuri, maji matamu. Je, watoto wanaweza kunywa moja kwa moja bila kuchemsha?"
*Mama wa watoto watatu, Masasi*

Dada, hongera, lakini hapana. Kaboni inatoa harufu na ladha, haiui wadudu wa kuhara. Na ikishaondoa klorini, maji yanayotoka hayana mlinzi tena, yakikaa kwenye ndoo siku moja ya joto la Masasi wadudu wanaongezeka. Chemsha, au tia dawa ya klorini, na dawa itiwe baada ya kaboni, ndani ya chombo cha kuhifadhia. Ukitia kabla kaboni inaila yote na wewe unabaki unaamini maji yana dawa.

Baada ya nusu saa klorini iliyobaki iwe angalau miligramu 0.5 kwa lita, vipimio vya rangi vinauzwa. Na hapo pH inaingia tena: ikiwa juu ya 8 klorini inapungua nguvu sana, kwa hiyo wiki ile ya kwanza ya kaboni mpya, kabla haijatulia, usitegemee dawa peke yake. Chemsha. Chombo kiwe na mfuniko na koki, watoto wasitumbukize kikombe.

Maswali kuhusu manganizi na kuhusu maji ya Mbwinji, yale ya mradi wa Masasi na Nachingwea, nimeyapokea, nitayajibu toleo lijalo. Mnaoandika, tajeni maji yanatoka wapi (kisima, mvua au bomba), chombo cha kuhifadhia ni cha nini, na kama mmeshapima mtume majibu ya maabara.